Uzi wa vifaa na malighafi za bia ya nyumbani: hela yako iende wapi kwanza

Mzee wa Povu

Wakuu, habari za muda huu.

Anayeanza kutengeneza bia nyumbani, mara nyingi hela humwishia kwenye sufuria. Atachukua ya lita hamsini, ya stenlesi, ina koki na kipimajoto ubavuni, inang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu. Kisha bia yenyewe anakwenda kuichachushia kwenye ndoo yenye mikwaruzo, chumba ambacho mchana ni joto na usiku ni baridi, kwa hamira iliyokaa dukani haijulikani tangu lini. Bia ikitoka na ukali wa siki, lawama zinakwenda kwa mapishi.

Mimi nasema hivi: unapopanga manunuzi, piga mstari pale moto unapozimwa. Vifaa vya kabla ya mstari huo vinasamehe sana. Sufuria iwe ya alumini na imebonyea, mwiko uwe wa mbao, hakuna tatizo, maana mchuzi wa kimea unachemka saa nzima na vijidudu vya kuharibu bia havitoki salama humo. Ukishapoa, mambo yanageuka. Huo sasa ni mchuzi mtamu, vuguvugu, chakula cha hamira yako na cha kila kijidudu kingine kitakachopita. Hela nzuri iende huko: chombo cha kuchachushia, dawa ya kutakasa, hamira, na namna ya kutuliza joto. Vingine utaongeza taratibu.

Kabla sijaendelea, angalieni sheria za mnakoishi. Nchi nyingi zinamruhusu mtu mzima kutengeneza bia ya kunywa mwenyewe ila si ya kuuza, nyingine zinaweka kikomo cha lita kwa mwaka, nyingine haziruhusu kabisa. Kukeneka pombe kali ni habari tofauti na uzi huu hauihusu.

Nitatumia kipimo cha lita 20 kwa sababu mapishi mengi yameandikwa hivyo. Ukianza na lita 5, gawanya kwa nne. Lita 5 ni mwanzo mzuri tu, tena unaweza kutumia sufuria uliyonayo jikoni.

Ndoo. Kwa bia ya lita 20 tafuta ndoo ya lita 25 mpaka 30. Siku za mwanzo povu linapanda, na likikosa nafasi linatafuta njia kwenye mfuniko. Iwe plastiki ya chakula: geuza kitako utafute alama ya glasi na uma, pamoja na pembetatu yenye namba 2 au 5. Iliyowahi kuwekwa rangi au dawa usiichukue hata ukipewa bure. Mfuniko unatobolewa, inawekwa raba na kile kivalvu cha plastiki kinachojazwa maji kidogo, gesi inatoka lakini hewa ya nje haiingii. Usiisugue ndoo kwa brashi ngumu. Ikishakwaruzika ndani, ibadilishe kazi iwe ya kuhifadhia kimea, maana vijidudu hujificha kwenye mikwaruzo na dawa haiwafikii. Wapo wanaopenda dumu la kioo kwa sababu unaiona hamira ikifanya kazi. Ni kweli linapendeza, ila dumu la lita 20 lililojaa, limelowa, likikuponyoka mikononi, ni hospitali. Anayeanza achukue plastiki.

Kusafisha na kutakasa ni kazi mbili na zinataka dawa mbili. Ya kwanza inaondoa uchafu unaoonekana, na hapo sodiamu pakaboneti isiyo na manukato inatosha (isipokuwa kwenye alumini, inaichubua na kuifanya nyeusi). Ya pili inaua vijidudu juu ya kitu ambacho tayari ni kisafi. Star San ndiyo inayotumiwa na wengi: ni ya tindikali ya fosforiki, takriban mililita 1.6 kwa lita ya maji, dakika moja au mbili, na huhitaji kusuuza. Ina povu jingi, usiliogope, mimina bia juu yake. Iodofa, dawa ya iodini, nayo ni nzuri, ila inatia rangi plastiki. Klorini ya kufulia inaua, lakini lazima isuuzwe vizuri, inakula stenlesi, na ole wako uichanganye na tindikali yoyote, maana inatoa gesi ya sumu. Kwa bei ya dawa halisi sioni sababu ya kuhangaika nayo.

Joto. Hapa ndipo watu wanabana hela pasipostahili. Hamira nyingi za bia za kawaida zinafanya kazi safi kati ya nyuzi 18 na 20 za Selsiasi. Na hamira ikichangamka inatoa joto lake yenyewe, kwa hiyo ndani ya ndoo panaweza kuzidi chumba kwa nyuzi kadhaa. Ikizidi sana bia inatoka na harufu ya rangi ya kucha na inauma kichwa. Njia ya bei ndogo ni beseni la maji, ndoo ndani yake, na chupa za barafu unazibadilisha asubuhi na jioni. Njia bora ni friji kuukuu na kidhibiti joto cha nje: friji inachomekwa kwenye kidhibiti, kihisio kinabandikwa ubavuni mwa ndoo, umemaliza. Mtu akiniuliza anunue sufuria mpya au friji iliyotumika, namjibu friji kabla hajamaliza sentensi.

Vidogovidogo. Haidromita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha mchuzi una sukari kiasi gani, na mrija wake mrefu. Nunua mbili, kwa sababu moja itavunjika, tena siku unayoihitaji. Ukifika nayo nyumbani itumbukize kwenye maji safi ya nyuzi 20: ikisoma 1.000 ni nzima. Kipimajoto cha dijitali kipime kwenye barafu iliyosagwa na maji, kisome sifuri. Mpira wa kunyonyea bia toka ndoo kwenda chupani, ule wa plastiki laini, ubadilishe mara kwa mara, ni wa bei ya kutupa. Mashine ya kugonga vizibo ya mikono miwili inatosha. Na chupa, hizo nitazirudia.

Malighafi nakuja nazo. Karibuni.

Shayiri Mbichi

Mkuu umetisha. Nimeweka kiti. Ila sufuria umeiponda bila kutuambia ukubwa. Nataka kuanza na nafaka moja kwa moja, si ule uji wa kopo. Ninunue ya lita ngapi?

Mzee wa Povu

Tupige hesabu mkuu. Unataka lita 20 kwenye ndoo. Mchemsho wa saa moja unapoteza kama lita 3 hadi 4 za mvuke. Kimea kinabaki na maji, chukulia lita moja kwa kila kilo, na utatumia kilo 5. Hapo unaanza na maji ya lita 28 au 29. Ukitumia ile njia ya mfuko mmoja, yaani kimea kinalowekwa ndani ya mfuko kwenye sufuria hiyohiyo ya kuchemshia, kimea chenyewe kikiingia kinapandisha ujazo kwa lita 3 na zaidi, tayari uko 32. Bado povu la kuanza kuchemka. Kwa hiyo chini ya lita 35 utapangusa jiko kila mara, 40 ndiyo raha. Na angalia jiko lako kabla ya sufuria. Jiko dogo la umeme halichemshi lita 28 vizuri, litakuwa linapasha tu.

Ukitumia dondoo ya kimea, yaani huo "uji wa kopo" unaoudharau, mchuzi wa kimea uliokwisha kukolezwa au kukaushwa kiwandani, unachemsha lita 10 kwenye sufuria ya lita 15 kisha unajaziliza maji safi kwenye ndoo. Kwa anayeanza mimi napendekeza hivyo, kwa sababu siku yako nzima ya kazi inahamia upande wa pili wa mstari ule niliosema.

Fundi Koki

Mzee napingana nawe. Siku hizi kuna mitambo ya umeme ya kila kitu kimoja: inaloweka kimea, inazungusha maji kwa pampu, inachemsha, ina koili ya kupozea. Mtu anunue mara moja aachane na habari za masufuria. Bei rahisi ni ghali, tunajua wote.

Mzee wa Povu

Sikatai Fundi, ni mitambo mizuri, mgongo wangu ungeshukuru. Ila inamaliza kazi yake pale moto unapozimwa. Haikuongezei lolote kwenye uchachushaji. Aliye na mtambo huo na ndoo sebuleni atashindwa na mwenye sufuria ya kubonyea na friji. Mwenye hela ya vyote viwili, nani wa kumzuia?

Koili ya kupozea lakini nakupa. Bomba la shaba la mita 10 hadi 15 lililokunjwa, maji baridi yanapita ndani, lita 20 zinapoa ndani ya nusu saa badala ya kulala usiku kucha. Ukiwa na mikono unaweza kulikunja mwenyewe kwenye ndoo ya duara. Kwa lita 5 huhitaji koili, sinki lenye barafu linatosha.

Haya, malighafi.

Kimea. Bia ya takriban asilimia 5, lita 20, inataka kilo 4.5 hadi 5 za kimea cha shayiri ukiloweka mwenyewe kwenye nyuzi 65 mpaka 68 kwa saa moja. Kwa dondoo, hesabu ni rahisi: kilo moja ya dondoo ya unga kwenye lita 20 inapandisha haidromita pointi 18 hivi (toka 1.000 mpaka 1.018), ile nzito ya majimaji pointi 15. Ukitaka kuanzia 1.050, nunua kilo 2.7 za unga au 3.3 za majimaji. Mimi ni wa unga. Ya majimaji inazidi kuwa nyeusi kadiri inavyokaa, na inaleta ladha fulani ya sukari iliyoungua ambayo watu wanadhani ndiyo "ladha ya bia ya nyumbani". Si kweli, ni ladha ya kopo la zamani. Unga nao una vita yake, ukipata unyevu unageuka jiwe, kwa hiyo paketi ikifunguliwa itumie au uifunge kweli kweli.

Kimea kizima kinakaa hata mwaka mahali pakavu penye ubaridi. Kilichosagwa kitumie ndani ya wiki chache. Kama huna mashine ya kusaga, muombe muuzaji akusagie. Punje ipasuke lakini ganda lisiwe unga. Gunia la kilo 25 linapunguza bei sana ila mwanzoni usilinunue, utalisha fukusi.

Hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Usinunue kwa gramu, nunua kwa asidi ya alfa. Kila paketi imeandikwa asilimia yake na hiyo ndiyo inayotoa uchungu. Gramu 25 za hopsi yenye asilimia 12 na gramu 60 za yenye asilimia 5 ni kitu kilekile kwenye sufuria, zote zina gramu 3 za alfa. Zikichemshwa saa nzima kwenye lita 20 za 1.050 zinakupa uchungu wa kama vipimo 35 vya IBU, kipimo cha uchungu wa bia. Kwa hiyo kwa uchungu chukua aina kali kama Magnum, kidogo tu. Zile za harufu kama Saaz na Cascade zitie dakika za mwisho, harufu yake ni nyepesi na mvuke unaondoka nayo.

Angalia mwaka wa mavuno, na paketi iwe ya karatasi ya fedha iliyofyonzwa hewa. Hopsi maadui zake ni hewa, joto na mwanga. Ukikuta muuzaji ameziweka kwenye mfuko wa nailoni unaoonyesha, juu ya rafu, rudi ulikotoka. Ukifungua zikanuka jibini, zimekwisha. Nyumbani zikae friza.

Hamira. Anayeanza achukue ya unga, paketi ya gramu 11 au 11.5, moja inatosha lita 20 za bia ya kawaida. SafAle US-05 na Nottingham ni wavumilivu. Ya majimaji ina aina nyingi na tamu, lakini inazeeka haraka na ikisafiri kwenye joto inakufa njiani, na muuzaji hatakwambia. Hamira ya unga ikikaa friji inafika tarehe yake bila shida. Soma tarehe. Kwenye makopo ya dondoo iliyokwishatiwa hopsi kuna kipaketi kidogo chini ya mfuniko, nacho kimekaa popote kopo lilipokaa. Kitupe ununue kingine. Hakuna matumizi madogo yatakayobadilisha bia yako kuliko hayo. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen alitenga hamira safi pale maabara ya Carlsberg, na tangu hapo viwanda vimeitunza kuliko mitambo yao. Sisi nasi tusiifanye ya kuokota.

Maji. Yakiwa mazuri kunywa yanafaa, isipokuwa klorini. Ikibaki, inakutana na vitu vya kwenye kimea na bia inaonja plasta ya kidonda. Nunua vidonge vya Campden vya kuiondoa, kidonge kimoja kinatibu zaidi ya lita 70, kwa hiyo kwa bia moja unatia nusu na kinachobaki hakidhuru. Kuchemsha kunaondoa klorini ya kawaida, ila mamlaka za maji nyingi zinatumia kloramini na hiyo haiondoki kirahisi. Mambo ya chumvi za maji muachie mtu wa mwaka wa pili.

Mama Pipa

Mzee asante, ila niulize la kitoto. Hamira ya mkate ninayo ndani. Si ni jamii moja?

Mzee wa Povu

Si la kitoto mama, ni jamii moja kabisa, Saccharomyces cerevisiae. Itachachusha na pombe itatoka. Lakini ya mkate ilichaguliwa kwa kuumua unga haraka, haikuchaguliwa kwa ladha wala kwa kutulia chini. Bia inabaki na ukungu, na ladha ya mkate mbichi inakuandama mpaka glasi ya mwisho. Umeshanunua kimea na hopsi, usiibanie paketi moja.

Mpita Njia

Samahani wakuu, mimi nina hofu moja. Si tunasikia watu wanapofuka kwa pombe za kutengeneza? Unapimaje methanoli?

Fundi Koki

Ngoja nijibu hili. Bia ya kimea haina methanoli ya kukudhuru, hamira ikila sukari ya nafaka inatoa ethanoli na hewa ukaa. Vifo unavyosikia vinatokana na pombe kali zilizochanganywa methanoli ya viwandani, au ukenekaji wa hovyo. Hakuna kipimo cha kununua hapa. Cha kuogopa kwenye bia ni chupa kupasuka.

Mzee wa Povu

Umenipeleka pale pale Fundi. Chupa. Bia ya lita 20 ni chupa 40 za nusu lita. Usinunue mpya, kusanya za bia zilizotumika, nzito, za rangi ya kahawia, zenye mdomo wa kugongwa kizibo. Zile za kufungua kwa kuzungusha mkono hazishiki kizibo vizuri. Za kijani na nyeupe zinapitisha mwanga, na mwanga ukikutana na hopsi bia inanuka kama kicheche ndani ya muda mfupi. Chupa za divai na mitungi ya jamu haikujengwa kwa presha, usithubutu. Chupa za plastiki za soda zinafaa sana, tena ukiibinya unajua gesi imefika.

Sukari ya chupani, ile hamira inayoila ikatoa gesi ya bia, ni gramu 6 hadi 7 kwa lita, yaani gramu 120 hadi 140 kwa ndoo nzima. Ipime kwa mizani, nunua ile ndogo ya jikoni, achana na vijiko. Na usijaze chupa mpaka haidromita isome namba ileile siku mbili tatu mfululizo, dalili kwamba hamira imemaliza kazi ndooni. Hapo ndipo ile haidromita ya pili inakulipa.

Kijana wa Kegi

Vipi kuhusu kegi mzee, yale mapipa ya chuma ya presha? Kuosha chupa 40 ni adhabu.

Mzee wa Povu

Ni adhabu, sibishi. Kegi za soda zilizotumika za lita 19 ndizo wengi wanaanza nazo. Ukinunua iliyotumika badilisha raba zote, za zamani zina harufu ya soda ambayo haitoki. Ijaze presha, paka maji ya sabuni, tazama kama kuna mapovu. Mtungi wa gesi usome tarehe ya kupimwa iliyogongwa shingoni, kama imepita, hakuna kituo kitakachokujazia. Ukijumlisha regyuleta ya kudhibiti presha, mipira na friji ya kuiweka, ni bei ya bia nyingi za chupa. Subiri ujue kama kazi yenyewe unaipenda.

Shayiri Mbichi

Nimeshawishika, naanza na dondoo, lita 20. Nikosoeni orodha: ndoo ya lita 30 na kivalvu, Star San, refraktomita, kipimajoto, mpira, mashine ya vizibo, dondoo ya unga kilo 3, Cascade gramu 100, US-05 moja. Sufuria ya lita 15 ninayo. Friji sina, nina beseni.

Mzee wa Povu

Karibu sana. Futa refraktomita, weka haidromita mbili. Refraktomita, kile kipimo cha sukari cha kutazama tone kwenye mwanga, inasoma vizuri kabla ya hamira kuingia, ila pombe ikishakuwepo inadanganya mpaka upige hesabu za kusahihisha. Kilo 3 zitakupeleka 1.055 hivi, haina neno. Cascade ya asilimia 6, gramu 50 kwa saa nzima, zilizobaki gawanya kati ya dakika kumi za mwisho na moto ukizimwa. Ongeza hamira ya pili, ya akiba, ikae friji. Hujaandika vizibo, chukua mia moja, vikikaa pakavu vitakusubiri. Na nusu kidonge cha Campden.

Mama Pipa

Na dawa ya kusafishia jamani, ameisahau.

Mzee wa Povu

Ameisahau kweli. Pakaboneti, kilo moja, na hizo chupa aziloweke usiku kucha, lebo zinatoka zenyewe.